Dawa ya Wiki Nne, Cheti Kisicho na Mwisho

Kabla ya mwaka 1976, mwenye vidonda vya tumbo alikuwa na njia mbili, na zote chungu. Ya kwanza iliachwa na Bertram Sippy, daktari wa Chicago, aliyeelekeza mwaka 1915 kwamba mgonjwa anyweshwe maziwa na malai kila saa, na katikati apewe unga wa kuzimua tindikali. Wapo waliojaa kalsiamu mwilini kwa tiba hiyo hadi figo zikaharibika. Njia ya pili ilikuwa kisu. Kwa hiyo simetidini, tunda la utafiti wa James Black na wenzake nchini Uingereza, ilipoingia sokoni mwaka 1976 kwa jina la Tagamet, haikuhitaji kupigiwa debe. Mwaka 1988 Sweden ikaleta Losec, yaani omeprazoli, yenye nguvu zaidi. Kidonda cha mwanzo wa utumbo mdogo kilifunga kwa wiki 4 hivi, cha tumbo lenyewe kwa wiki 8.

Kasoro ilikuwa moja: mgonjwa akiacha dawa, kidonda kilirudi. Madaktari wakazoea kuandika dozi ya miezi na miaka, na kwa ujuzi wa wakati ule hawakukosea. Lakini huko Perth, Australia, mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kuotesha bakteria aliyekuwa akiishi kwenye matumbo ya wagonjwa hao, anayeitwa leo Helicobacter pylori. Miaka miwili baadaye Marshall alimnywa mwenyewe, na ukuta wa tumbo lake ukavimba. Ikaja kubainika kwamba antibiotiki zikichanganywa na dawa ya tindikali kwa wiki moja au mbili, vidonda vingi hupona na havirudi. Sababu ya kumeza bila kikomo ikafa hapo kwa wagonjwa wengi. Mazoea yakabaki, na yakahamia hata kwa mwenye kiungulia cha siku mbili anayejinunulia kapsuli dukani.

Atasema mtu: dawa yenyewe ina ubaya gani? Hoja hii ina uzito. Tafiti zilizoihusisha na kuvunjika mifupa au maradhi ya figo ziliwafuatilia tu watumiaji, na watumiaji wengi ni wazee wenye maradhi mengine tayari. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019, la watu zaidi ya 17,000 waliofuatiliwa takriban miaka 3, liliona ongezeko dogo la maambukizi ya utumbo na si zaidi. Ninalikubali. Ila miaka 3 si 15, na swali langu si la sumu, ni la kuacha. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliwapa watu wazima wa afya, wasio na kiungulia, dawa ya jamii hii kwa wiki 8. Walipoiacha, zaidi ya 4 kati ya 10 walipata kiungulia au maumivu ya tumbo. Tumbo lililonyimwa tindikali hujiandaa kuitoa kwa wingi, na breki ikiachiliwa humwaga. Mgonjwa hudhani ugonjwa umerudi, kumbe ni dawa inayodai kuendelea.

Wapo wanaoihitaji kwa muda mrefu: aliyewahi kutoka damu tumboni na bado anatumia aspirini au diklofenaki, au ambaye umio wake umechubuliwa vibaya na tindikali. Hao wasiiache kwa kusoma makala. Hata wao wengi humeza kwa namna inayoipunguza nguvu. Tindikali huiharibu omeprazoli, ndiyo maana punje zilizo ndani ya kapsuli hupakwa utando unaoyeyuka utumboni tu. Ukizitafuna umezivua kinga. Kutoka utumboni dawa hupita kwenye damu na kurudi tumboni kuziba pampu zinazotoa tindikali, ambazo huamshwa na chakula. Hivyo humezwa nusu saa au zaidi kabla ya kifungua kinywa. Asiye na sababu ya kudumu aombe tarehe ya kumaliza iandikwe kwenye cheti, na akiwa ametumia kwa miezi, ashushe dozi taratibu kwa ushauri wa daktari, akijua wiki za mwanzo zinaweza kuwa na kiungulia kinachopita chenyewe.