Misungwi: Kutoka Mzani wa Pamba hadi Mnara wa Simu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa pamba wa Usukuma aliyefikisha mzigo wake kwa mnunuzi hakuwa na njia ya kuuhakiki mzani. Aliyeushika ndiye aliyesoma uzito, akataja bei na kuhesabu fedha. Manung'uniko ya kupunjwa yalienea Usukuma nzima. Wakulima wakadai wawe na watu wao wa kusimama kando ya mzani na kusoma uzito kwa niaba yao. Kutokana na madai ya namna hiyo, chini ya uongozi wa vijana kama Paul Bomani, vyama vya msingi vilichipuka kijiji kwa kijiji, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo baadaye ilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika.

Historia ya habari na teknolojia katika Misungwi, wilaya ya mkoa wa Mwanza, inafaa kuanzia hapo, kwa sababu swali lake halijabadilika: nani anasoma, na nani anasomewa?

Ndani ya Misungwi ya leo kipo Ukiriguru, kituo cha utafiti kinachojulikana kwa mbegu za pamba zenye herufi UK. Wataalamu wake walijua lini mkulima apande, apande kwa nafasi gani na apulizie dawa wakati gani. Lakini ujuzi huo ulipoandikwa kwenye karatasi ulikwama, kwani sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa takribani theluthi mbili ya Watanzania wazima hawakujua kusoma wala kuandika.

Mwaka 1968 Serikali, pamoja na UNESCO na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa Mwanza. Ulihusu mikoa minne: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Tanzania ilikuwa moja ya nchi 11 duniani zilizojaribu njia hiyo. Msingi wake ulikuwa kwamba mtu mzima ajifunze kusoma kupitia kazi yake mwenyewe. Mkulima wa pamba alipewa kitabu cha pamba, mvuvi cha uvuvi, mfugaji cha ng'ombe. Walimu wengi walikuwa wanakijiji waliojitolea, na madarasa yalikaa popote palipo na kivuli. Kwa watu waliolelewa katika Kisukuma, kitabu cha Kiswahili kilikuwa mlima wa pili, lakini mwalimu wa hapo hapo kijijini aliweza kuwapandisha.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita ziliteuliwa zifute ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa 1971, na Ukerewe, kisiwa jirani, ilikuwa mojawapo. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi: walisikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1974 gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho likaanza kuchapishwa Mwanza, ili waliokwisha kujua kusoma wasisahau. Kufikia 1986, hesabu za Serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma wamepungua hadi chini ya asilimia 10.

Kompyuta nayo ilikuwa na njia yake. Serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwake nchini mwaka 1974, na kwa miaka mingi simu ilibaki kitu cha ofisi na cha mjini. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi ilianza kazi mwaka 1994. Mwaka 2001, ng'ambo ya ghuba, Sengerema ilipata telesenta, ambapo mwananchi wa kawaida aliweza kutumia kompyuta na intaneti na kupata mafunzo. Baadaye ikaongezewa redio yake. Wakati huo intaneti ya nchi nzima ilitegemea satelaiti na bei yake ilikuwa kali. Mkongo wa kwanza wa baharini wa nyuzi, Seacom, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Mwaka mmoja kabla yake M-Pesa ilikuwa imeanza nchini, na kwa wengi vijijini huduma ya kifedha ya kwanza maishani ilikuja kupitia simu.

Serikali nayo ilifuata maeneo ambayo kampuni hazikuyaona kuwa na faida. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, na Mei 2023 mikataba ya kujenga minara 758 vijijini ilisainiwa Dodoma. Hiyo ni kazi kubwa na inastahili sifa.

Hata hivyo, mnara haufundishi. Bibi anayempa wakala simu yake pamoja na namba ya siri ili amtolee pesa bado anasomewa, sawasawa na mkulima wa 1950. Asiyekuwa na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) hawezi kusajili laini kwa jina lake. Asiyemudu simujanja wala bando hupitwa na huduma zilizohamia mtandaoni. Hata Australia, nchi tajiri, ina shida ya namna hii kwa wenyeji wake wa asili walio mbali na miji. Mwaka 2020 iliahidi kuwa kufikia 2026 watakuwa sawa na wengine katika mawasiliano ya kidijitali.

Kanda ya Ziwa ilikwisha kuonyesha njia: darasa kijijini, mwalimu anayefahamika, somo linalotokana na kazi ya mtu, na kikundi cha kujadiliana. Halmashauri na kampuni za simu zinaposimamisha mnara, ziweke na darasa. Majengo ya shule yapo, vijana waliomaliza kidato cha nne wapo, na watu wazima wako tayari kujifunza kama walivyokuwa tayari mwaka 1968.