Kisanduku cha Kwanza

Kuna programu ya kompyuta ya kupanga miradi ya uhifadhi inayoitwa Miradi. Ndiyo, neno letu hilohilo, Wazungu wamelichukua. Unachora visanduku na mishale: hapa tishio, pale kazi itakayofanywa, mwisho kabisa wanyama wamepona. Miaka ikipita, unapima kama kila mshale ulisema kweli. Mimi na mishale hatuna ugomvi. Ninachokishuku ni kisanduku cha kwanza, kile kinachoeleza hali ilikuwaje kabla ya mradi, maana hicho ni historia.

Chukua Isiolo. Northern Rangelands Trust, iliyoanzishwa 2004, inaunganisha hifadhi za jamii ambako pundamilia wa Grevy na ng'ombe hugawana nyasi. Mradi wake wa kuuza hewa ukaa, unaohesabiwa tangu 2013, ulichukua takriban hekta milioni 1.9. Netflix na Meta wamenunua. Hoja yake kwa ufupi: wafugaji wanalisha bila mpango, tuwapangie malisho ya mzunguko, nyasi zirudi, udongo ushike kaboni.

Bila mpango, kweli? Waborana wa Waso wana dedha. Wazee wake ndio huamua malisho ya masika, ya kiangazi, na yale yasiyoguswa mpaka ukame ubane. Kisimani yuko aba herega, anayepanga mifugo ya nani inywe lini. Ng'ombe wa maziwa hubaki karibu na boma, wengine huenda mbali. Kama huo si mzunguko, sijui mzunguko ni nini.

Dedha ilidhoofika, sikatai. Lakini udhaifu huo una tarehe. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, serikali iliwafungia watu kambini Garba Tula na Merti, mifugo ikaangamia. Wenyewe hukiita kipindi hicho Gaf Daba. Mchoro unaoanzia 2013 utakionaje?

Mwaka 2023, shirika la Survival International lilikishambulia kisanduku hicho, NRT ikakana. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, katika kesi ya wakazi wenyewe, ikaamua kuwa hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Na hiyo Biliqo Bulesa peke yake ilikuwa ikitoa karibu moja ya tano ya hewa ukaa ya mradi mzima.