Kabla ya Slaidi, Kulikuwa na Orodha ya Sokoni

Wasee, nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wa pili kampasi tulipewa dakika 10 kila mtu awasilishe mradi wake. Nilikuja na slaidi 32. Muda ukaisha nikiwa slaidi ya 9, bado niko kwa utangulizi. Ile programu niliyokesha nikiitengeneza, na ilikuwa inafanya kazi fiti kabisa, hakuna hata mmoja aliyeiona. Mwalimu akasema asante, anayefuata. Sikuacha shule kwa sababu ya siku hiyo, karo ndiyo ilinitoa, lakini hiyo siku bado inaniuma.

Nimeikumbuka juu ya binamu yangu. Yeye anafanya uzamifu wa sayansi ya kompyuta, na karibu asimame mbele ya kamati. Juzi akanipigia: "Wewe huongea na watu kwa simu kila siku. Kuja unisikize, uniambie napoteza watu wapi." Nikaenda. Alinipoteza dakika ya tatu. Hesabu, mishale, vifupisho, hesabu tena.

Badala ya kumpa mawaidha, nikampa historia. Hebu na nyinyi muisikie.

Mwaka 1963 kulikuwa na mwanafunzi wa uzamifu pale MIT, Marekani, anaitwa Ivan Sutherland. Hakuwa amefika miaka 25 alipomaliza tasnifu yake Januari ya mwaka huo. Wakati huo watu wengi walizungumza na kompyuta kwa kadi zilizotobolewa: unapeleka kadi, unangoja, unarudi kuchukua majibu. Sutherland akatengeneza Sketchpad, programu ya kuchora moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Ukichora mistari imepinda, unaiambia inyooke, inanyooka. Ukibadilisha mchoro mama, nakala zake zote zinabadilika.

Sasa, angeweza kuanza tasnifu na nadharia nzito. Lakini mapema kabisa, ndani ya sura ya kwanza, anakushika mkono: tuchore umbo la pembe sita. Hatua ya kwanza hii, ya pili hii. Unaona kitu kikitokea kabla hujaambiwa kwa nini kina maana. Na kwa sababu TX-2, kompyuta aliyoitumia, ilikuwa dude kubwa la maabara, si kitu unabeba kwa begi, kazi yake ilirekodiwa kwa filamu. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga ile maabara wakaona kalamu ikitembea na mchoro ukitii.

Ruka miaka mitano. Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco. Douglas Engelbart anaketi jukwaani mbele ya watu karibu 1,000, na ana dakika 90. Kompyuta yake haiko hapo. Iko Menlo Park, karibu kilomita 50 kutoka ukumbini, na wameunganishwa kwa mawimbi ya redio na laini ya simu. Hebu fikiria hiyo presha, bana. Kitu kimoja kikigoma, kazi ya miaka inaonekana mchezo.

Siku hiyo watu walionyeshwa kipanya, maandishi unayobonyeza yakakupeleka kwingine, na watu wawili wakifanya kazi kwa waraka mmoja huku wakionana kwa video. 1968! Lakini angalia alitumia mfano gani mapema: orodha ya vitu vya kununua akielekea nyumbani. Ndizi, karoti, vitu kama hivyo. Akaipanga, akaipangua, kisha akaonyesha ramani ya njia ya kwenda kwake. Kila mtu ukumbini alijua kununua ndizi, kwa hivyo hakuna aliyehangaika kuelewa mfano. Akili yote ilibaki kwa kile kompyuta ilikuwa inafanya. Alipomaliza, watu walisimama wakampigia makofi.

Na hakuwa peke yake. Bill English, aliyetengeneza kipanya cha kwanza cha mbao, ndiye alisimamia mitambo siku hiyo. Wengine walikuwa Menlo Park mbele ya kamera. Sisi tunaona mtu mmoja jukwaani tunasema ana kipaji. Kumbe ni kikosi na mazoezi.

Kati ya waliokuwa ukumbini ni Alan Kay, mwanafunzi wa uzamifu wa Chuo Kikuu cha Utah. Alikuwa ameshaisoma Sketchpad. Baadaye aliingia maabara ya Xerox PARC, na madirisha unayofungua na kufunga kwa laptopu yako yana mkono wake.

Lakini nisiwadanganye. Makofi hayakumlinda Engelbart. Miaka ya 1970 wengi wa watu wake walimhama, kadhaa wakaenda hiyo hiyo PARC, na pesa za utafiti zikakauka. Kuwasilisha vizuri kunafungua mlango tu. Hakulipi rent.

Na najua kuna wale mtaniandikia, "Bro, hata wewe uliacha shule, degree ni ya nini?" Tulieni. Sutherland alimaliza. Engelbart alikuwa na uzamifu kutoka Berkeley tangu 1955. Kay alimaliza 1969. Hakuna hata mmoja aliyepanda jukwaani na mdomo mtupu. Mimi nilikuwa na kazi bila mdomo, na siku hizi mtandaoni naona wengi wana mdomo bila kazi. Zote mbili ni hasara.

Binamu yangu alinyamaza kidogo. Utafiti wake ni wa kutambua makosa kwa maandishi ya lugha zetu. Akafuta slaidi 14. Sasa anaanza na meseji moja ambayo nyanya yetu alituma, ile simu ilimsahihishia vibaya hadi ikawa tusi. Anaonyesha simu ilivyokosea, kisha programu yake inavyoisoma vizuri. Hesabu inakuja baadaye, na sasa unaitaka, kwa sababu unataka kujua imewezaje.

Anawasilisha wiki ijayo. Nimemuuliza kama naweza kuja kukaa nyuma. Nataka tu kuona mtu wa kwetu akionyesha kile kitu chenyewe, kabla dakika hazijaisha.