Rumanyika si lazima awe Muhinda

Ukikutana na mtu anayeitwa Rumanyika pale Kayanga au Nkwenda, usikimbilie kumfanya mjukuu wa mfalme. Huenda ni kweli, lakini jina peke yake si ushahidi.

Jina lenyewe lilivuma nje ya Karagwe kupitia safari ya mwaka 1861. Novemba ya mwaka huo, Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipokewa na Omukama (mfalme) wa Karagwe, Rumanyika Orugundu, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Speke aliliandika "Rumanika", na vitabu vya Ulaya vikafuata mkumbo. Ni yeye pia aliyeandika kisa alichosimuliwa huko: Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki, wanawe watatu waliwekewa chini ngoma ndogo iliyofanyiwa dawa. Wawili wakashindwa hata kuisogeza. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Nduguye Rogero hakuridhika, wakapigana. Msafiri Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta mzee bado anatawala, akaonyeshwa nyumba ya hazina yenye sanamu za ng'ombe.

Enzi hizo Rumanyika lilikuwa jina la mtu, si la ukoo. Kwa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, kama kwa Wahaya, kila mtoto alipewa jina lake, na ndugu wa tumbo moja waliitwa majina yasiyofanana hata kidogo. Asili ya mtu ilijulikana kwa oruganda, yaani ukoo, na omuziro, yaani mwiko wa ukoo huo. Muhinda, yaani mtu wa ukoo wa kifalme, alitambulika kwa mwiko wa nkende (tumbili) kabla hujamuuliza anaitwa nani. Linganisha na Polandi, ambako mtoto wa Kowalski ni Kowalski na binti ni Kowalska. Majina ya namna hiyo yamo makaburini Tengeru, Arusha, walikozikwa wakimbizi wa Kipolandi wa miaka ya 1940.

Kilichobadilisha mambo ni karatasi. Mapadri Weupe waliingia Kashozi mwaka 1892, na ubatizo ukaleta jina la dini mbele ya lile la nyumbani. Zikafuata daftari za shule na za kodi, kila moja ikidai jina la baba, baadaye na la babu. Hivyo jina alilopewa mtu mmoja siku ya kuzaliwa likaganda kwa wajukuu wote. Halikuganda kila mahali: hadi leo utakuta Kagera ndugu wa baba mmoja wenye majina ya mwisho tofauti, na karani mgeni akawatilia shaka bure.

Kwa hiyo Rumanyika wa leo anaweza kuwa wa ukoo wowote, mradi babu yake alipewa jina hilo. Ukitaka kujua, muulize mwiko wake.

Jina hilo limo pia kwenye ramani: mwaka 2019 Pori la Akiba Rumanyika-Orugundu lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe. Orugundu likaachwa, Rumanyika likabaki.