Vinavyozama Ghuba ya Macquarie

Mwaka 1822 watawala wa Kiingereza walifungua gereza katika kisiwa cha Sarah, ndani ya Ghuba ya Macquarie, magharibi mwa Tasmania. Walipapenda kwa sababu ya mlango wa ghuba: mwembamba, maji haba, mkondo mkali. Hadi leo unaitwa Milango ya Jahanamu. Gereza lilifungwa mwaka 1833, lakini mlango ni ule ule, na kilichoingia bado hutoka kwa shida, hata kama ni maji.

Baadaye ikaja shaba. Kwa miongo mingi mgodi wa Mount Lyell ulimwaga mabaki yake mtoni, na mto King ukayashusha ghubani, mpaka mwaka 1994.

Vizimba vya samoni vilianza miaka ya 1980. Kila tani ya samoni hula zaidi kidogo ya tani moja ya chakula cha punje. Zamani nyingi zilipita wavuni bila kuliwa; siku hizi kamera hupunguza hasara hiyo. Ila hata punje iliyoliwa hairudi yote kama nyama. Sehemu yake huwa kinyesi na amonia. Kinyesi huzama, bakteria hukiozesha, na katika kazi hiyo hutumia oksijeni. Kwenye bahari wazi mkondo ungeleta nyingine. Hapa maji ya mvua, meusi kama chai ya rangi, hulala juu ya maji ya chumvi kama kifuniko, na yaliyo chini husubiri muda mrefu kabla ya kubadilishwa.

Mwaka 2012 upanuzi wa vizimba uliidhinishwa, ingawa oksijeni ya vilindini ilikuwa tayari imeanza kushuka. Miaka michache baadaye chini ya baadhi ya vizimba palitanda utando mweupe wa bakteria. Kikomo cha samaki kikashushwa hadi tani 9,500 mwaka 2018. Wapo wanaolaumu mgodi na mabwawa ya umeme yaliyobadili mito, na hawajakosea kabisa. Lakini mgodi ulikuwa umeacha kumwaga miaka mingi kabla ya anguko hilo.

Anayelipa ni taa wa Maugean, samaki aliyegunduliwa mwaka 1988 tu, na ambaye leo makao yake ya uhakika ni ghuba hii peke yake. Taa mzima anaweza kupanda kutafuta maji yenye pumzi. Yai lake liko sakafuni, na halina pa kwenda.

Mji mdogo wa Strahan, ukingoni mwa ghuba, unategemea ajira za vizimba. Machi 2025 Bunge la Australia lilipitisha sheria inayozuia waziri wa mazingira kuufungua upya uamuzi wa 2012. Wakati huo tishari lilikuwa tayari ghubani, likisukuma oksijeni kwenda chini kwa mashine.