Mwongozo kwa Anayeanza Uvuvi wa Baharini kwa Kayaki au Mtumbwi wa Kafi

Tanzania Bara ina ukanda wa pwani unaoanzia Tanga hadi Mtwara, na sehemu kubwa ya samaki wanaouzwa katika masoko ya ukanda huo huvuliwa na wavuvi wadogo wanaotumia mitumbwi, ngalawa, dau na mashua. Mtumbwi wa kafi na kayaki ndivyo vyombo vya gharama ndogo zaidi katika orodha hiyo. Havihitaji mafuta, huendeshwa na mtu mmoja, na humfikisha mvuvi kwenye miamba ya karibu wanakopatikana changu, tasi, chewa na kolekole.

Wepesi huo ndio pia unaoleta hatari. Chombo kisicho na injini wala tanga hutegemea nguvu za mikono ya mwendeshaji peke yake. Kwa sababu hiyo, anayeanza anapaswa kupanga kwanza jinsi atakavyorudi, kisha ndipo apange mahali pa kuvua.

Leseni, usajili na maeneo yaliyotengwa

Shughuli za uvuvi Tanzania Bara husimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 pamoja na Kanuni zake za mwaka 2009, ambazo zimekuwa zikifanyiwa marekebisho. Kwa mujibu wa sheria hiyo, uvuvi hufanywa kwa leseni, na chombo cha kuvulia hutakiwa kusajiliwa. Mwananchi anayekusudia kuanza anashauriwa kufika kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri yake kabla ya kununua chombo, ili aelezwe aina ya leseni inayomhusu, iwe anavua kwa biashara au kwa burudani. Usalama wa vyombo vidogo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Kwa upande wa Zanzibar, uvuvi si jambo la Muungano. Husimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya mwaka 2010 ya Zanzibar, hivyo mvuvi wa Unguja na Pemba hufuata taratibu za huko.

Mvuvi mpya anatakiwa pia kuyafahamu maeneo yaliyotengwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Jijini Dar es Salaam, visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini pamoja na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ambako uvuvi hauruhusiwi. Tahadhari hii ni muhimu kwa kuwa Mbudya na Bongoyo viko karibu na ufukwe, na kwa mwenye kayaki vinaonekana kuwa mahali pazuri pa kuanzia. Katika hifadhi za bahari za Kisiwa cha Mafia, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na Silikanti Tanga, uvuvi hufuata masharti maalumu ya hifadhi husika. Matumizi ya baruti na sumu ni marufuku kila mahali, na kasa na nguva hawaruhusiwi kuvuliwa. Kasa akinasa, aachiwe huru.

Kusoma maji

Katika pwani ya Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila badiliko likichukua takribani saa sita na dakika chache. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3 katika maeneo mengi ya pwani. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana, na mikondo hulegea. Siku za maji mafu ndizo zinazomfaa anayejifunza.

Maji hayaendi kwa kasi moja. Huanza polepole, hushika kasi katika saa ya tatu na ya nne, kisha hulegea tena. Katika saa hizo mbili za katikati, karibu nusu ya maji yote ya badiliko hilo huwa yamepita. Kwenye midomo ya mito na hori, na kwenye mapito kati ya kisiwa na nchi kavu, mkondo huwa na nguvu zaidi, na maji yanapokupwa huelekea nje, bahari kuu.

Hesabu ndogo inatosha kuonesha uzito wa jambo hili. Mwendeshaji wa kawaida hupiga kafi kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Akiwa kilomita 2 kutoka ufukweni, maji yakiwa yametulia, atarudi kwa dakika 24. Akikutana na mkondo wa kilomita 3 kwa saa unaomsukuma nje, mwendo wake halisi hubaki kilomita 2 kwa saa, na safari hiyo hiyo itamchukua saa nzima ya kupiga kafi bila kupumzika. Mkondo ukifikia kilomita 5 kwa saa, atabaki pale pale alipo hadi achoke.

Kanuni inayotokana na hesabu hiyo ni nyepesi. Mvuvi atoke maji yanapokaribia kumaliza kupwa, avue wakati maji yamesimama, na arudi yakiwa yanajaa. Aidha, mkondo mkubwa wa pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, na huongezeka nguvu wakati wa kusi. Kwa hiyo anayevua sambamba na ufukwe anashauriwa kuanza kwa kwenda upande wa kusini, ili wakati wa kurudi, akiwa amechoka, mkondo umsaidie.

Kusoma upepo

Kusi huvuma kuanzia Mei hadi Oktoba, na huwa kali zaidi kati ya Juni na Agosti. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Kipindi cha maleleji kati ya pepo hizo mbili, hususan Novemba, huwa na bahari tulivu zaidi.

Upepo unaohitaji tahadhari kubwa kwa anayeanza ni ule utokao nchi kavu, hasa umande wa alfajiri. Karibu na ufukwe bahari huonekana shwari kwa sababu ardhi na miti hukinga upepo. Kadiri chombo kinavyokwenda mbali, kinga hiyo huisha na mawimbi hukua, na mvuvi hugundua ugumu huo pale tu anapogeuza chombo kurudi. Alama ya kuangalia ni povu jeupe juu ya mawimbi. Likionekana kila upande, upepo umefikia takribani kilomita 20 kwa saa, na anayeanza hapaswi kuwa majini.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa kasi ya upepo na kimo cha mawimbi pamoja na tahadhari kwa watumiaji wa bahari. Utabiri huo usomwe jioni na urudiwe kabla ya kutoka. Kimbunga Hidaya, kilichofika katika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024, ni ushahidi kwamba tahadhari hizo hazitolewi kwa mazoea.

Chombo na vifaa

Kayaki ya kukalia juu, yenye matundu ya kutolea maji, humfaa anayeanza kwa kuwa haijai maji na hupandika tena ikipinduka. Mtumbwi wa mti hujaa maji lakini hubaki ukielea, hivyo kopo la kuchotea maji lifungwe kwa kamba ndani yake. Ngalawa yenye ndubi pande zote mbili ni tulivu zaidi ya vyote viwili.

Jaketi okozi livaliwe kabla ya kusukuma chombo majini na lisivuliwe hadi kurudi nchi kavu, kwani ni vigumu kulivaa mtu akiwa tayari anaelea. Vifaa vingine vya lazima ni filimbi, kisu, tochi, maji ya kunywa, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na kamba ya kufungia kafi kwenye chombo.

Kwa uvuvi wenyewe, mshipi wa mkono, ndoano chache, chubwi na chambo cha ngisi au dagaa vinatosha. Kurambaza, yaani kukokota mshipi nyuma ya chombo ili kumpata nguru, kusubiri hadi mvuvi awe na uzoefu, kwa sababu samaki mkubwa huweza kuvuta chombo chepesi na kukipindua.

Nanga ifungwe mbele au nyuma ya chombo, kamwe isifungwe ubavuni, kwani mkondo ukivuta kamba ya ubavuni chombo hupinduka papo hapo. Itupwe penye mchanga, si juu ya matumbawe. Ikikwama, kamba ikatwe.

Kabla ya siku ya kwanza

Mafunzo huanzia kwenye maji yanayofika kifuani, akiwepo mwenzake. Mwanafunzi akipindue chombo kwa makusudi, akigeuze na kukipanda tena, mara nyingi, hadi aweze bila msaada. Asiyeweza kufanya hivyo asivuke eneo hilo. Chombo kikipinduka mbali na ufukwe na ikashindikana kukipanda, mtu akishikilie na asijaribu kuogelea kurudi, kwa kuwa chombo huonekana na waokoaji kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu.

Mvuvi akutane na Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU) katika mwalo wake. Wazee wa mwalo wanafahamu mapito, miamba na mikondo ya eneo lao kuliko ramani yoyote. Kila safari, mtu mmoja aliyebaki nchi kavu aambiwe mahali pa kwenda na saa ya kurudi, na afahamu nani wa kumpigia saa hiyo ikipita.

Tahadhari ihusu pia samaki wenyewe. Bunju ana sumu isiyoondolewa kwa kupikwa, hivyo asiliwe. Aliyechomwa na mwiba wa taa atumbukize jeraha katika maji ya moto yanayovumilika, bila kujiunguza, kisha awahishwe kituo cha afya.

Wahenga walisema maji yakijaa hupwa. Mvuvi mpya anayeijua saa ya badiliko hilo, na akakubali kurudi mikono mitupu upepo unapogeuka, atakuwa na siku nyingine ya kuvua.