Kunakili Picha ya Fundi

Msomaji, ukisimama Kisegi jua likielekea kuchwa, ukalitazama Ziwa Viktoria, utaona maji yakibadili rangi kabla hujawahi kuchovya brashi. Nuru ipitayo upesi hivyo, mchoraji hujifunza wapi kuishika? Wako wasemao: nakili kwanza picha ya fundi mkuu. Wako pia waonao kuwa kufanya hivyo ni aibu.

Katika Afrika ya Mashariki aliyepinga kwa nguvu ni Elimo Njau, mwana wa Tanganyika aliyesomea Makerere, mmoja wa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965. Alifundisha kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Neno zito, nalo lilikuwa na sababu: vijana wetu walikuwa wamezoezwa kustahi kila kitokacho Ulaya.

Lakini mwaka 1968, huko Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao. Vijana wachache, wengi wao jamaa zake, walikaa karibu naye wakauiga mkono wake. Alipouawa kwa risasi mwaka 1972, ni hao walioiokoa kazi yake isife. (Kweli, nakala nyingine zilizofuata zilikuwa za soko tu.)

Na hao wachoraji wa nuru wenyewe, Waimpreshonisti wa Ufaransa? Mwaka 1871 Camille Pissarro alichora njia ya kijiji cha Louveciennes. Yapata mwaka mmoja baadaye Paul Cézanne, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa amezoea kupaka rangi nzito za giza, aliiazima picha hiyo akainakili. Anayenakili hulazimika kuuliza: mbona kivuli hiki ni cha samawati, si cheusi? Hata hivyo nakala yake haikufanana kabisa na ya mwalimu. Palipo na miguso midogo ya Pissarro, yeye aliweka mabaka mapana. Kisha wakatoka pamoja kuchora mashambani, Pontoise.

Mwaka 1906, mwaka wa kufa kwake, katika orodha ya maonyesho ya mji wake wa Aix, Cézanne aliandikwa hivi: mwanafunzi wa Pissarro.